Unataka Kuinua Mdomo wa Juu? Cheki Sikio Lako Kwanza

Wiki jana usiku, kama saa nne hivi, beshte yangu wa hapa Nyalenda alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni uso wake venye uko. Ya pili ni uso huo huo na filta, ile inafupisha nafasi kati ya pua na mdomo, mdomo wa juu unajikunja kidogo kama mtu anataka kubusu kamera. Chini akaandika: "Nyamera, hii ndio naenda kufanya. Doh yangu ya chama inatoka Disemba."

Nilicheka. Kisha nikaona hachezi.

Huyu dem hutengeneza kucha kwa kibanda karibu na Ring Road. Chama yao ni ya wanawake kumi na wawili, kila mwezi mmoja anabeba. Amengoja zamu yake mwaka mzima. Na tayari ameshabonga na kliniki moja ya Nairobi kwa Instagram. Wamemtumia bei, wamemtumia picha za kabla na baada, na wamemwambia atume kitu kidogo ndio ashikiwe nafasi. Nikamuuliza: wamekuuliza nini kuhusu ngozi yako?

"Hakuna kitu wameuliza."

Hapo ndio nikaamua kuandika hii stori. Mimi si daktari. Hata chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama. Lakini niko na kitu kwa sikio la kushoto kimenifunza mambo ya makovu kuliko lecha yeyote, na nitakuchapia hiyo stori hapa chini.

KWANZA, WANAKATA NINI?

Wacha tuelewane ju wengi wanachanganya. Kuinua mdomo si ile sindano ya kujaza mdomo, ile watu huita fila. Hii ni kisu. Daktari anakata kipande cha ngozi chini kabisa ya pua, mahali pua inakutana na mdomo wa juu. Kile kipande kina umbo la pembe za ng'ombe zimefunguka. Ni milimita chache tu. Akishakitoa, anavuta mdomo juu na kushona. Ile nafasi inafupika, mdomo wa juu unageuka nje kidogo, na meno ya mbele yanaanza kuonekana hata ukiwa umetulia. Mara nyingi unafanywa ukiwa macho, na ganzi tu, na kwa wengi nyuzi hutolewa baada ya kama wiki moja.

Ukiskia hivyo ni kitu ndogo. Na kwa mkono mzuri, kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Lakini kuna mambo mawili.

Moja, ngozi ikitoka imetoka. Fila huisha yenyewe baada ya miezi, na kuna dawa ya kuiyeyusha ukiichukia. Kipande cha ngozi hakirudishwi. Ukikatwa sana, mdomo haufungi vizuri, fizi zinabaki nje, au pua inavutwa chini na kubadilisha umbo. Hiyo ukirudi kwa daktari anaweza kupunguza tu, hawezi kukurudishia wewe wa jana.

Mbili, unapata mdomo na kovu pamoja. Hakuna mdomo wa kuinuliwa bila mstari wa kovu chini ya pua, katikati ya uso, mahali hakuna nywele, hakuna nguo, na maski tulishatupa. Kwa hivyo swali la ukweli si kama mdomo mpya utakupendeza. Filta ishakuonyesha utakupendeza. Swali ni kovu lako litakuwa la aina gani. Na hilo swali filta haijui kujibu.

Na kabla useme basi niende fila: fila nayo si maji. Ikidungwa kwa mshipa wa damu kimakosa, ngozi inaweza kukosa damu na kufa. Hiyo si kazi ya saluni. Tena haifupishi ile nafasi. Inaongeza unene tu.

MBONA TUNABONGA HII SAA HII

Ju Kenya tushaona mwisho mbaya. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo kwa kliniki ya Nairobi. Stori ilishika nchi nzima, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga ile kliniki. Kwa wiki kadhaa kila mtu mtandaoni alikuwa mtaalamu. Halafu tukasonga. Leo ukifungua TikTok dakika kumi utaona tangazo la kupunguza tumbo, kuongeza hipsi, kuinua hiki na kile, na muziki mzuri nyuma.

Ile kesi haikuwa ya mdomo, na kuinua mdomo hakuna hatari ya kiwango kile. Lakini mlango wa kuingilia ni ule ule: picha tamu, bei kwa DM, tuma pesa ya kushikiwa nafasi, njoo.

Na masupastaa hawatusaidii. Mnakumbuka Oktoba 2022, Vera Sidika alipotangaza ametoa nyongeza za makalio kwa sababu za kiafya? Wasupa wakatuma pole, wengine wakasema wamejifunza. Siku chache baadaye ikatokea ni kiki ya kusukuma ngoma yake. Sina beef na yeye, kila mtu anatafuta. Nachosema ni hivi: mwili wa staa ni biashara yake. Akikuonyesha uso wake, hajakuonyesha faili lake la hospitali. Usipange mwili wako na trela ya mwili wa mtu.

Pia cheki ni nani yuko kwa zile video za kufunza watu kuinua mdomo. Wengi ni wazungu, wengi wamevuka miaka arobaini. Kuna sababu. Mtu akizeeka, ile nafasi ya chini ya pua hurefuka na mdomo wa juu hupungua. Wao walianza na mdomo mwembamba, umri ukaumaliza. Wewe uko na miaka ishirini na nne na mdomo ambao hao watu wanadungwa sindano ili waupate. Sisemi usifanye. Nasema ile video haikutengenezewa wewe, na haikutengenezewa ngozi yako.

STORI YA SIKIO LANGU

Nilitoboa sikio mara ya pili nikiwa na miaka kumi na saba, Jumapili ya soko pale Kibuye. Lilipona fiti. Baada ya miezi kama minne nikaanza kuskia likiwasha. Kukawa na kitu kama punje ya maharagwe nyuma ya sikio. Mathe akasema ni uchafu, nipake chumvi. Ikakua. Ikafika kama njugu.

Nikaenda kliniki moja, sitaitaja. Jamaa akaniambia hiyo ni kukata tu dakika kumi. Akakata. Akashona. Nikalipa. Hakusema kitu kuhusu kurudi. Miezi sita baadaye ilikuwa imerudi, na sasa ni kubwa kuliko ya kwanza.

Hiyo kitu inaitwa keloidi. Kovu la kawaida linakaa ndani ya mipaka ya kidonda. Kuna kovu lingine huvimba lakini linabaki pale pale lilipoanzia, na mara nyingi linatulia lenyewe na wakati. Keloidi haijui mipaka. Inatoka nje ya kidonda inaenda kwa ngozi nzima, inawasha, wakati mwingine inauma, na inaweza kuanza miezi mingi baada ya kidonda kupona. Ukiikata tu bila kitu kingine, mara nyingi inarudi. Hiyo ndio ile kliniki haikuniambia.

Watu weusi tunapata keloidi zaidi ya wazungu, kwa mbali. Hutembea kwa familia. Na hupenda sana umri wa kati ya miaka kumi na thelathini, yaani sisi wenyewe tunaosoma hii kitu. Sehemu inazopenda ni masikio, kifua, mabega, na taya pale vijana hunyoa.

Sasa habari njema kidogo, ju sitaki kukutisha bure: katikati ya uso si mahali keloidi hupenda sana. Chini ya pua kuna nafuu kuliko sikio au kifua. Lakini nafuu si kinga. Na hata bila keloidi, ngozi yetu ina tabia nyingine: kidonda kikipona kinaacha weusi. Mzungu atabaki na mstari mwekundu unaofifia. Wewe unaweza kubaki na mstari mweusi kwa miezi mingi, kama masharubu ya mtoto aliyekunywa soda.

JIPIME NA MWILI WAKO

Kabla utume hata mia, simama mbele ya kioo ucheki hivi vitu.

Masikio. Pale ulipotoboa, kuko laini ama kuna uvimbe?

Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Hapo ndio Kenya tunadungwa BCG tukiwa wachanga. Kama lile kovu limeinuka na kupanuka, hiyo ni dalili. Kama liko sawa, usishangilie bado, ulikuwa mtoto mchanga wakati huo.

Makovu ya baadaye: ulianguka na boda, ulichomwa na mafuta ya mandazi, ulizaa kwa upasuaji, tetekuwanga ya shule ya msingi. Yalipona aje? Yalibaki meusi muda gani?

Mwisho, uliza nyumbani. Mama, baba, siz, binamu. Kama kuna mtu na keloidi kwa ukoo, hiyo habari daktari lazima aipate.

Beshte yangu alipocheki, masikio yako fiti. Lakini kwa goti kuna kovu la 2021, alianguka na tuktuk pale Kachok. Limeinuka na bado ni jeusi. Na babake ana kitu kwa kifua ambacho nyumbani wameita jipu miaka yote.

Ukitaka kuona kovu la mdomo wa juu bila kwenda TikTok, liko mtaani. Karibu kila shule kuna mtu alizaliwa na mdomo uliopasuka akashonwa akiwa mdogo. Smile Train hulipia huo upasuaji hapa Kenya, familia haitoi kitu. Madaktari wa upasuaji wa aina hii Kenya, kazi yao kubwa ndio hiyo, na watu walioungua moto. Kidonda chake ni tofauti na mkato wa kuinua mdomo, lakini ngozi ni ile ile na jirani ni ile ile. Kwa wengine mstari huonekani mpaka ukaribie. Kwa wengine unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Yule alishonwa ili aweze kula na kuongea, na kovu lake ni bei ya haki. Wewe jiulize bei yako.

UKIAMUA KWENDA, ENDA NA MASWALI

Sitakuambia usifanye. Uso ni wako, pesa ni zako, na umechoka kuskia watu wa mtaa wakikuambia vitu vya kufanya na mwili wako. Lakini usiende kama mtu anaenda kununua mtumba.

Swali la kwanza: ni nani anakata? Si jina la kliniki, jina la mtu. KMPDC wana orodha yao mtandaoni, unatafuta jina la daktari na jina la kituo. Angalia leseni ni ya mwaka huu na utaalamu wake ni gani. Daktari wa kawaida na daktari wa upasuaji wa kurekebisha mwili si kitu kimoja. Huyu wa pili amesoma udaktari miaka mitano, sita, akafanya mazoezi ya kazi, halafu akarudi darasani tena miaka kadhaa kusomea hiyo kazi tu. Wako wachache, na wengi wako Nairobi. Pia wana chama chao, KSPRAS. Mtu akikataa kukupa jina, hiyo ni jibu.

La pili: nionyeshe watu weusi kama mimi, baada ya mwaka. Hapa ndio wengi wanakwama. Picha ya wiki ya pili haina maana, ju kovu bado ni mtoto. Kovu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa. Na picha iwe imepigwa kwa jua la mchana, bila poda, bila filta.

La tatu: nikipata keloidi, mpango ni gani na nani analipa?

La nne: nikirudi Kisumu na kidonda kikafura usiku, napigia nani? Nairobi si hapo Kondele. Ukipanda basi siku ya pili na uso umevimba, uko peke yako.

KOVU LIKISHAKUJA

Hii sehemu iweke, hata kama hutakatwa. Itakusaidia na kovu la boda.

Wiki ya kwanza kazi ni usafi na kufuata maagizo ya daktari. Usiguse, usikune, usibandue magamba. Kaa mbali na sigara na shisha, zinapunguza damu kwa ngozi na kidonda kinachelewa.

Kidonda kikifunga kabisa, kuna vitu vya silikoni, jeli au karatasi ya kubandika. Hizo zina msaada wa kweli, lakini zinataka subira: masaa kumi na mawili au zaidi kwa siku, miezi miwili, mitatu, kila siku. Ukiweka wiki moja ukaacha, umetupa pesa. Pia mwulize daktari lini unaweza kuanza kusugua kovu polepole na kidole.

Jua la Kisumu ni adui. Linafanya kovu liwe jeusi zaidi. Krimu ya kuzuia jua na kofia, hata kama watu watakuuliza unajificha nani.

Na hapa naomba sana: usikimbilie krimu za kung'arisha za kule sokoni ndio ufute weusi. KEBS ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado utazipata. Zingine zina steroidi ambayo inafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Unaanza na mstari mmoja mweusi, unamaliza na uso mzima wenye mabaka.

Ukiona kovu linawasha, linainuka, linatoka nje ya mstari, usingoje likuwe njugu kama langu. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Kuna sindano za steroidi zinadungwa ndani ya kovu kila baada ya wiki kadhaa, na kwa wengi hulituliza. Ni steroidi lakini si ile ya mkebe wa sokoni, kipimo kinajulikana na mkono unajulikana. Zinauma, sitakudanganya. Mimi nimedungwa mara tano. Sikio langu halijarudi kama zamani, lakini sasa navaa herini bila kufunika na nywele.

MANENO YA DANI

Jumamosi nilimwambia dani hii stori tukichambua omena. Aliskia mpaka mwisho, kisha akanikumbusha mambo ya nak. Kama wewe si Mjaluo: zamani watu wetu walikuwa wanang'olewa meno sita ya chini, ndio ujulikane umekuwa mtu mzima. Mamake dani alikuwa hivyo. Kwa hivyo kubadilisha mdomo si kitu TikTok ilituletea.

"Lakini mama yangu alitolewa meno ndio afanane na wenzake," dani akasema. "Huyo rafiki yako, nyathina, anataka kufanana na nani?"

Nikamwambia, na picha kwa simu.

"Picha ya nani?"

"Yake mwenyewe, dani."

Akanyamaza, akaendelea na omena.

Beshte yangu nilimtumia yale maswali manne, akayatuma kwa ile kliniki. Ya kwanza walijibu, wakampa jina, na jina tumelipata kwa orodha. Ya nne wakampa namba ya simu. Ya tatu wakasema wataongea akifika. Ya pili, ile ya picha za watu weusi baada ya mwaka, imekaa na tiki mbili za bluu tangu Jumatatu.

Hajatuma pesa ya nafasi. Wiki ijayo anaenda kuonyesha daktari wa ngozi lile goti, hapa hapa Kisumu, na atamwambia kuhusu babake. Disemba chama ikitoka ataamua. Akisema anaenda, nitapanda basi na yeye na nitakuwa hapo nyuzi zikitolewa. Akisema anabaki na mdomo wake, kuna mashine ya kukausha kucha amekuwa akiiangalia kwa dirisha tangu mwaka jana.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa na mkono uko kwa sikio, ukipapasa: umepata nini?